Mwaka Tuliohamisha Chai

Tangu tumzike shangazi, hapana mtu nyumbani mwetu ajuaye chai inywewe saa ngapi. Siku za matanga halikuwa tatizo, maana wageni walikuwa wakiingia na kutoka na birika halikushuka motoni. Sasa watu wametawanyika na majamvi yamekunjwa. Leo asubuhi nilimkuta wifi yangu Rehema, mke wa kaka Athumani mtoto wa shangazi, amesimama jikoni na kopo la majani ya chai mkononi, kalikodolea macho tu. Kisha akalirudisha rafuni, akaniuliza, "Salma, sasa tumngoje nani?" Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaukumbuka mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu, nikaona ni afadhali niuandike kabla haujaanza kugeuka kichwani mwangu. Mimi ni wa kuandika. Kusema kunanishinda. Shuleni nilikuwa nikijua jibu na bado nainama nijifanye naokota kalamu, na moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Nilidhani moyo ule ndio haya zenyewe, kwamba watu wenye haya wote ndivyo walivyo, mikono baridi na pumzi fupi. Sikujua kwamba kitu kile kilikuwa na jina jingine.

Nyumba yetu iko Kibokoni, katika kichochoro ambacho madirisha yake yanatazamana karibu hivi kwamba Bi Nuru, jirani yetu wa upande wa pili, akiishiwa sukari hunyosha mkono tu. Sisi tunakaa juu. Ngazi zina giza hata adhuhuri, na vidato vyake ni virefu, vya wajenzi wa zamani ambao nadhani hawakuwahi kubeba ndoo ya maji. Juu kuna vyumba viwili, ukumbi wa kulia, na jiko lililo wazi kwa nyuma ambapo moshi hutoka na paka huingia. Katika jiko lile shangazi, Bi Mwanakombo, alitawala. Chai yake ilikuwa ya rangi, ya tangawizi na hiliki, na majani aliyachemsha mpaka maji yakaribie kuwa meusi. Ilikuwa chungu, ikakaa ulimini. Nasi tuliokulia mkononi mwake tulijua jambo ambalo mgeni hangelijua: kwa shangazi, chai ilikuwa ndiyo salamu, ndiyo msamaha. Akikukasirikia, hakumiminii. Kikombe kikija mbele yako, basi yamekwisha.

Rehema alijifunza hilo kwa tabu. Yeye ni mtu wa shamba, wa kijiji kimoja huko nyuma ya Lunga Lunga, na shangazi hakumtaka. Sipendi kuyaandika haya na kaburi lake bado bichi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimtakia Athumani binti wa mjini. Rehema alipoletwa, alikaa majuma mazima akila nasi mkekani huku akijimiminia mwenyewe, kimya, macho chini. Halafu asubuhi moja shangazi alichukua kikombe, akakijaza, akakisukuma kwa vidole viwili mpaka mbele ya goti la Rehema, akasema, "Kunywa, mwanangu, kitapoa." Rehema aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo aliyoolewa. Kwa hiyo mwenye kusoma haya asidhani kwamba lililofuata lilikuwa jambo dogo la kinywaji.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Rehema alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na kaka alikuwa njiani na lori lake, akipeleka makontena ya bandarini mpakani, hivyo mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Muuguzi wa pale tulimwita Sista Nekesa, mwanamke wa bara, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Alimchoma Rehema kidole, akakiingiza kile kidamu katika kipimo, akatazama, akakunja uso. "Nane," akasema. "Mimi nataka kumi na zaidi. Mimba ya kwanza ilikuwaje?" Rehema akaeleza, na mimi nilikuwa siijui habari ile. Alizalia nyumbani kijijini kwao, kabla hajaletwa kwetu, damu ikatoka haikukoma, mtoto hakuishi, na yeye wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili wakimshika asianguke, mpaka hospitali, akatiwa damu ya watu asiowajua. Alisema kwa sauti ile ile anayosemea bei ya nyanya. Sista akamsogelea. "Nisikilize, mama. Wewe umeshawahi kumwaga damu, na mwili uliowahi unaweza kurudia. Ukimwaga kama mara ile na una nane, sitakuwa na muda wa kukuokoa. Hiyo ndiyo kazi yetu mimi na wewe mpaka siku ya kuzaa. Leo umekula nini?"

"Mahamri na mbaazi."

"Vizuri sana. Na kunywa?"

"Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi. Mama hunipikia nzito. Tangu aone nimekuwa mweupe ameongeza majani, ili nipate nguvu."

"Na vidonge vyangu vya damu unavimezea nini?"

Rehema alinitazama mimi kwanza, kama kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa. "Chai."

Sista aliweka kalamu chini. Akaeleza polepole, na mimi nikawa nayaandika maneno yake kichwani. Kwamba damu hujengwa na madini ya chuma. Kwamba mbaazi anayo, kunde anayo, mchicha anao, lakini chuma cha mboga ni kigumu kuingia mwilini, na chai ikifika tumboni pamoja nacho hukishika, kikapita kikatoka bila kumfaa mtu. Na vidonge vile vile. Chai ikae mbali na chakula, muda wa saa mbili. Badala yake akamulie ndimu kwenye mboga, au ale pera, maana uchachu ule ndio unaokifungulia chuma mlango. Ale nyama akipata, na asipopata, dagaa. "Na udongo?" akauliza ghafla. Rehema akakifumbata kipembe cha leso yake ambacho siku zote kilikuwa na fundo. Sista akacheka kidogo. "Huo nao uache. Mwili unaomba chuma, wewe waupa ukuta."

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye mlango wa chini Rehema akanishika mkono. "Salma, nitaikataaje?" Nikajua anasema nini.

Asubuhi ya pili ilikuwa mahamri tena na mbaazi za nazi, na kikombe kikasukumwa kwa vidole viwili. Rehema akasema, "Mama, leo nitakunywa maji." Shangazi akauliza, "Maji?" kana kwamba ni kitu asichokijua. "Sista kasema chai na chakula havinifai kwa pamoja. Nitakunywa baadaye." Shangazi hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha. "Sista ndiye aliyeamka akakoka moto?" "La, mama." "Mimi nimelea nyumba hii kwa chai hii. Wanaokunywa maji asubuhi ni wagonjwa na punda." Kikombe kikabaki pale. Hakukiondoa. Tukala tukakizunguka, nacho kikapoa, utando ukafanyika juu yake, na nilipotaka kukitoa pamoja na vyombo shangazi akasema, "Kiache, mwenyewe atakitaka." Kilikuwapo adhuhuri. Kilikuwapo jioni.

Mambo ya kichochoro chetu hayakai ndani. Nilikuwa nikianika nguo dirishani nikamsikia Bi Nuru akiuliza kutoka kwake, kwa ile sauti ya mtu anayejifanya ananong'ona. "Mwanakombo, nasikia mkazamwana wako kasusa chai?" "Hakususa. Kafundishwa." "Na nani?" "Na wanawake wa bara." "Ee! Watu wa shamba hawa, yakhe, leo chai, kesho atakataa wali, kesho kutwa atataka jiko lake." Kisha shangazi akasema neno ambalo Bi Nuru hakuliitikia: "Nilidhani ashanizoea." Rehema alikuwa nyuma yangu, ameshika kamba ya nguo. Alisikia yote mawili, lile la Bi Nuru na hili. Nadhani hili ndilo lililomshinda. Asubuhi iliyofuata alikinywa kikombe chake chote, akaomba cha pili, na shangazi akatabasamu, nyumba ikatulia. Mimi peke yangu nilikuwa nikiutazama uso wa wifi yangu unavyofifia, kila siku kidogo, mpaka midomo ikawa na rangi ya viganja.

Sasa nikifikiri, naona katika nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitisha. Shangazi alikuwa akimwona Rehema amechoka, akaongeza majani. Akamwona amechoka zaidi, akaongeza tena. Rehema alikuwa akinywa ili asimvunje moyo mwanamke aliyempokea. Kila mmoja alikuwa akimtendea mwenzake wema, na damu inapungua. Rehema huwa anasema kwao kijijini hawaulizi kitu kama hiki. Mwanamke akiwa mweupe, ana safura, basi, ndivyo wanawake walivyo, kama mvi. Siku hizi akienda kwao hubeba miche ya mchicha na maneno ya Sista Nekesa. Huwakalisha mashangazi zake uani, akawaambia wasogeze chai mbali na sima, nao humcheka, wengine husogeza. Lakini mwaka ule hakuwa na ulimi huo bado, wala mimi sikuwa nao.

Tuliporudi kliniki kipimo kilikuwa pale pale, nadhani kilishuka kidogo. Sista hakumkaripia. Aliuliza tu, "Unainywa bado?" Rehema akaanza kulia bila sauti. Sista akamwacha alie, halafu akasema, "Ukija mwezi ujao na namba hii, hapa sikuzalishi. Nitakuandikia uende hospitali kubwa, mkae mkitafuta watu wa kukutolea damu mapema. Na mimi nitaomba Mungu wangu na wewe wako, maana hapo itakuwa tumebakiwa na hilo."

Rehema alizipanda ngazi zetu mpaka katikati. Hapo akakaa. Nilidhani anapumzika. Nikamwita, akanijibu kutoka mbali, nikamgusa, ana jasho baridi, na pumzi yake ilikuwa kama ya mtu aliyekimbia kutoka Makupa. "Sioni ngazi, Salma," akasema. "Zimekwenda wapi?" Nikapiga kelele. Mimi, ambaye shangazi alikuwa akisema sauti yangu ni ya kuazima, nilipiga kelele mpaka Bi Nuru akafungua dirisha. Shangazi akashuka kwenye giza lile na unga wa ngano mikononi, akakaa kidato cha chini yake, akamwegemeza kifuani, akampangusa uso kwa ukaya wake wa kichwani. Tukakaa hivyo sote watatu ngazini, mimi nikimpepea na kitabu cha kliniki. Aliporudi kupumua vizuri, shangazi akasema bila kunitazama, "Salma, wewe ulikuwako. Huyo sista alisema nini? Neno kwa neno, usinipunguzie."

Nikasema. Nilianza na nane na kumi, nikaeleza chuma, mbaazi, ndimu. Nikaeleza ile damu ya mwanzo kule Lunga Lunga na bodaboda, na hapo shangazi aligeuka akamtazama Rehema, maana hata yeye alikuwa haijui. Kisha nikafika penye chai, nikasita. "Sema," akasema. Nikasema kwamba chai ndiyo inayoila dawa, na kila ikiwa nzito ndivyo inavyokula zaidi. Bi Nuru alikuwa bado dirishani, akisikiliza. Shangazi aliitazama mikono yake yenye unga.

"Hata yangu?" akauliza.

"Hata yako, shangazi."

Akamwinua Rehema, tukampandisha juu, naye akarudi kwenye unga wake. Usingizi wangu usiku ule ulikuwa wa vipande vipande, nikidhani nimemuua kwa maneno. Asubuhi tulipokaa mkekani hapakuwa na birika. Hapakuwa na kikombe hata kimoja, cha Rehema wala cha mtu mwingine. Palikuwa na mbaazi, ndimu zilizokatwa, na jagi la maji. Shangazi akaketi, akajitengeneza leso, akatangaza kama anayetangaza mwandamo wa mwezi. "Katika nyumba hii, kuanzia leo, chai ni ya saa kumi jioni. Ya kila mtu. Anayetaka chai na chakula akale kwao." Ndipo nilipomwelewa. Kama angemwondolea Rehema peke yake, Rehema angekuwa mgonjwa katika nyumba ya watu wazima, mgeni tena. Kwa hiyo alimwondolea kila mtu. Rehema alichukua kipande cha ndimu, akakamulia mbaazi zake.

Si mageuzi yaliyopita kimya. Wageni waliokuja asubuhi waliletewa maji ya ndimu, wakayatazama, wakauliza kama kuna msiba. Kaka Athumani alirudi kutoka safari, amechoka, nywele zimejaa vumbi, akakaa, akanyosha mkono bila kufungua macho vizuri. "Chai." "Saa kumi," shangazi akasema. "Saa kumi ya alfajiri ishapita, mama." "Saa kumi ya jioni." Akafungua macho. "Kwani nimefanya nini?" "Mkeo ana mimba, na mimba ni yako. Kunywa ndimu, unyamaze." Tulicheka, hata Rehema, ila kicheko kilikuwa kifupi, maana kila tulipomtazama tulikuwa tunahesabu bila kusema tumebakiwa na muda gani.

Halafu likaja la dagaa. Nyama hatukuweza kila siku, na samaki wetu wazuri bei ilikuwa juu. Shangazi alikwenda mwenyewe Makupa, kwa wale wanawake wa bara wanaouza dagaa wa ziwani kwa kopo, akarudi na mfuko uliofungwa mara mbili na bado unanuka. Mjini kwetu dagaa wale wanajulikana kama chakula cha kuku. Akawaosha kwa maji moto, akawakaanga kwa vitunguu na nyanya na pilipili, moshi ukatoka jikoni ukaingia kwa Bi Nuru. "Mwanakombo!" sauti ikaja. "Mmefuga kuku?" "Tumefuga mjukuu," shangazi akajibu. "Funga dirisha." Rehema alikula na mchicha na ndimu, na baada yake kipande cha pera. Siku za nyama shangazi alikuwa akigawa sinia kwa mkono wake mwenyewe kama zamani. Fungu la Athumani lilibaki la Athumani. Lililoongezwa kwa Rehema lilitoka kwenye langu na kwenye la shangazi. Sisi tulikuwa wazima, ndivyo tulivyojiona.

Na lipo jingine la kusema kweli. Asubuhi, vyombo vikishaoshwa, shangazi alikuwa akitwaa buibui na kusema anakwenda kumjulia hali Bi Nuru. Bi Nuru alikuwa hana ugonjwa. Siku moja nilitumwa kumwita, nikawakuta wote wawili wamekaa sakafuni, na katikati yao birika linalofuka, na sahani ya mahamri. Shangazi alinitazama kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Rehema asijue," akasema. "Kichwa kinaniuma bila hii." Bi Nuru akasogea, akapiga jamvi kwa kiganja. "Kaa, Salma, na wewe umekonda." Nikapewa kikombe na andazi, nikanywa. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Ikawa ada yetu ya likizo na ya Jumamosi na Jumapili. Mimi wakati ule kila mwezi nilikuwa natokwa na damu nyingi mpaka nakosa shule, na kwenye paredi ya asubuhi nilikuwa nikishika bega la aliye mbele yangu nisianguke, lakini hapana aliyeniuliza na mimi si wa kusema. Tulikuwa na mgonjwa mmoja nyumbani, na macho yetu yote yalikuwa kwake.

Kipimo kilipanda. Kwanza kidogo, Sista akasema, "Mmeanza." Safari ya mwisho kilipita kumi, na nikataka kumkumbatia, lakini yeye hakutabasamu. "Sawa," akasema. "Ila mtoto bado yumo ndani. Tutaongea akitoka." Maneno yale yalitukaa. Shangazi alianza kumsindikiza Rehema hata chooni.

Uchungu ulimshika Ijumaa, wanaume wakielekea msikitini. Kliniki, Sista alimpima, akatazama saa, akampima tena, akasema anaona damu asiyoipenda, twende hospitali kubwa sasa hivi, tusingoje. Tukapanda tuktuk, Rehema katikati, shangazi huku, mimi huku, Bi Nuru akafuata na nyingine akiwa na kanga za mtoto. Kaka alikuwa njiani anarudi, simu yake inakatika. Rehema alichukuliwa ndani, mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi. Tulisikia mtoto akilia, tukasimama, shangazi akaanza kushukuru, na kabla hajamaliza mlango ukafunguka kidogo, muuguzi mmoja akatoa kichwa. "Ndugu wa Rehema? Mtoto mzima. Mama anavuja. Tuna damu kidogo sana ya aina yake, nataka watu wa kutoa, nendeni maabara upesi." Mlango ukafungwa. Shangazi alikwisha kuondoka. Sijapata kumwona akitembea vile.

Maabara palikuwa na kijana mpole, mwenye chupa ya maji ya buluu mbele yake. Alitueleza kwamba kabla ya kutoa damu anataka kujua kama ya mtu inatosha. Anachoma kidole, anadondosha tone kwenye maji yale. Tone likizama, una damu ya kutoa. Likielea, huna. Bi Nuru alinyosha kidole wa kwanza, kwa fahari, akisema yeye hajaugua tangu aolewe. Tone lake likaingia, likasita, likapanda juu likakaa. Kijana akampa pamba. "Pole, mama. Haitoshi." "Haitoshi nini?" "Damu yako." Mimi nikafuata. Nilikuwa na miaka ya kuruhusiwa, nimeapa moyoni kwamba nitatoa hata wakitaka yote. Langu halikujaribu hata kuzama. Lilielea, jekundu kidogo tu. Shangazi akanisukuma pembeni, akaweka mkono mezani. Tone lake likakaa juu ya maji kama mafuta juu ya mchuzi.

"Kidole hiki kimezeeka," shangazi akasema. "Choma kingine."

"Mama, damu ni moja."

"Choma kingine, nimekwambia."

Akachoma kingine. Likaelea. Shangazi aliiinamia ile chupa, akayatazama yale maji, uso karibu na kioo. Wakati ule wakaingia wanaume wawili wa barazani kwetu ambao kaka alifanikiwa kuwapigia simu, bado na kofia zao za msikitini. Matone yao yakazama moja baada ya jingine, yakatua chini ya chupa. Wakapelekwa ndani. Sisi watatu tukabaki tumesimama na pamba vidoleni. Kijana akasema kwa adabu, akijaribu kutufariji, "Nyie mama, na wewe dada, mngepaswa mtibiwe nyie."

Hatukujua tumengoja kiasi gani kwenye benchi. Bi Nuru alikuwa akivuta uradi. Shangazi hakuvuta. Alipotoka yule muuguzi, hatukuthubutu kusimama. Akasema damu imekoma. Akasema ile ya wanaume wetu itahifadhiwa, Rehema hakuihitaji. Amemwaga nyingi, lakini alikuwa nayo ya kumwaga, na iliyobaki inamtosha. "Mlimlisha vizuri," akasema, akaenda zake.

Tuliingia kwa mstari. Rehema alikuwa amelala na mtoto kwapani, amechoka, nywele zimemganda, lakini midomo yake ina rangi. Alitutazama tuliposimama miguuni mwa kitanda, mimi, shangazi na Bi Nuru, kila mmoja kashika kidole chake. Akatutazama mmoja mmoja, akaingiwa na hofu.

"Mbona mu weupe hivyo? Nani kafa?"

Shangazi alifungua mdomo. Akageuka kwangu. "Salma," akasema, "mwambie wewe."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya maji ya buluu, na Bi Nuru ambaye hajaugua tangu aolewe, na kidole kilichozeeka, na ile chai ya mlango wa pili tuliyokuwa tukimficha, yote. Nikamwambia, "Wifi, katika sisi wote mwenye damu ni wewe." Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika tumbo, anaomba ninyamaze kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa, na kila akinyamaza anamwona Bi Nuru na pamba yake, anaanza tena, mpaka muuguzi akaja mbio kutoka mwisho wa wadi.

"Nani anamchekesha mgonjwa hapa?"

Shangazi akanyosha kidole, kile chenye pamba, akanionyesha mimi.